Kafa Ulaya, Kavaa Bongo: Historia ya Mtumba na Watu Wasio na Majina Waliotuvalisha

Siku hizi ukifungua stetasi za WhatsApp saa mbili usiku, kabla hujafika kwa ndugu zako umeshapita maduka kumi. Gauni elfu kumi na tano, koti elfu ishirini, viatu vya mtoto "bei maelewano, tunakuletea popote Dar". Mwalimu wa shule ya msingi anauza. Nesi anauza akitoka zamu. Mwanachuo anauza ili alipie chumba. Kila mtu ana kazi yake, na pembeni ana mzigo wa mtumba.

Wengi wanaamini huu ni mchongo mpya ulioletwa na simu janja. Siyo kweli. Kununua nguo iliyovaliwa na mwingine, kuifua, kuipiga pasi na kuiuza kwa bei ya juu ni kazi ya zamani kuliko babu zetu, na hapa kwetu hata jina lake ni la zamani kuliko nguo zenyewe.

Leo nataka tupitie hiyo historia taratibu. Humu hutakutana na mastaa. Waliobeba biashara hii hawakuandikwa popote, na wengine hata wakiandikwa waliandikwa kama namba kwenye daftari la polisi. Ila kuna kitu kimoja utakiona kinajirudia kila zama, na ningependa uondoke nacho: kwenye mtumba, faida inapanda juu na hasara inashuka chini, mpaka imfikie mtu wa mwisho kufungua mzigo. Ukilijua hilo, hautaingizwa mjini kirahisi.

Mtumba ulikuwa begani kwa mpagazi

Tuanze na neno. Mtumba zamani haikuwa nguo kuukuu. Mtumba ulikuwa furushi, mzigo wa vitambaa uliofungwa vizuri ili mtu mmoja aweze kuubeba. Karne ya 19, misafara ilikuwa inatoka pwani, Bagamoyo na kwingineko, inaenda Tabora mpaka Ujiji. Barabara hakuna, gari hakuna, na punda walikuwa wanakufa kwa mbung'o. Mzigo wote ulikuwa unatembea juu ya mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na kilo zake karibu thelathini.

Ndani ya hayo mafurushi kulikuwa na nini? Kitambaa kilichotamba sana kilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi kutoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikuwa wanakileta Unguja kwa meli, na mwaka 1833 Marekani ilisaini mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said. Kitambaa kikapewa jina la kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, 1861 mpaka 1865, vilipokata usafirishaji, kitambaa cha Bombay kikaingia kujaza pengo.

Merikani ilikuwa mpya, siyo kuukuu. Ila angalia mchezo ulivyokuwa unachezwa. Matajiri wa Unguja walikuwa wanatoa mali kwa mkopo. Mwenye msafara anachukua, anaenda bara, na kila akipita eneo la mtemi analipa hongo, ambayo enzi hizo ilikuwa kama ushuru wa njia. Ndiyo, neno ni hilo hilo tunalolitumia leo kwa kitu kingine. Mvua ikiloanisha vitambaa, wezi wakivamia, mpagazi akitoroka na mzigo, deni Unguja linabaki pale pale. Na mpagazi mwenyewe, aliyetembea miezi na furushi begani, alikuwa analipwa vipande vya kile kile alichobeba.

Aliyekuwa na mtaji alikaa baharini anapigwa upepo. Aliyekuwa na mzigo alikuwa porini. Shika hapo, tutarudi.

Mzungu gani anatoa koti zima?

Sasa twende Ulaya na Marekani, kwa sababu huko ndiko nguo inakozaliwa mara ya kwanza.

Zamani hata Wazungu walikuwa wanavaa mtumba wao kwa wao. London ilikuwa na masoko makubwa ya nguo kuukuu, maarufu zaidi likiwa Petticoat Lane, mashariki ya jiji. Maskini wa London alikuwa anavaa koti lililopita kwa watu watatu. Hata tambara lilikuwa na thamani: mwaka 1813, katika mji wa Batley, Uingereza, kulianza ufundi wa kuchana sufu kuukuu na kuisokota upya iwe kitambaa kingine. Hakuna kilichotupwa.

Kilichobadilisha mambo ni viwanda. Nguo mpya iliposhuka bei, mtu wa kawaida kule akaacha kununua iliyovaliwa. Kabati zikajaa, na watu wakaanza kugawa. Mwaka 1902 mchungaji mmoja wa Boston, Edgar Helms, akaanzisha kazi iliyokuja kuitwa Goodwill: kukusanya vitu kuukuu, kuwapa maskini ajira ya kuvitengeneza, kisha kuviuza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Oxfam nayo ikafungua duka lake pale Oxford. Mashirika ya namna hiyo yakazidi kuongezeka.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopitwa. Mama wa kule anapotoa mfuko wa nguo, anajua anasaidia maskini. Shirika linachambua, zile nzuri linaziuza dukani kwake. Zinazobaki, ambazo ni nyingi sana, linaziuza kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu. Pesa inaenda kwenye kazi za shirika, hakuna ubaya. Ila tangu hapo ile nguo siyo msaada tena. Ni bidhaa. Iliachwa bure mlangoni, na kuanzia hapo kila mkono utakaoishika utaongeza bei.

Huku kwetu watu hawakuiona safari yote hiyo. Waliona tu koti zito, zima, vifungo vyote vipo. Wakajiuliza: mtu mwenye akili timamu anatoaje koti kama hili? Jibu likapatikana mitaani: mwenyewe lazima amekufa. Ndo maana wazee wetu waliita nguo hizi "kafa Ulaya".

Usidhani ni sisi tu. Ghana wanaita obroni wawu, maana yake nguo za mzungu aliyekufa. Nchi mbili zilizo mbali kabisa, mawazo yale yale! Zambia wao wanasema salaula, yaani kupekua kwenye rundo. Rwanda wanasema caguwa, ambalo ni "chagua" yetu imevuka mpaka. Ukitazama majina hayo utagundua Waafrika waliitazama biashara hii kwa macho mawili: nguo hii imetoka kwa nani, na nani ana jicho la kuichagua.

Nguo ya foleni

Baada ya uhuru Tanzania ilikuwa na mipango yake. Azimio la Arusha likaja 1967, na sera ikawa kujitegemea. Tunalima pamba, basi tushone wenyewe. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo kwa msaada wa China. Mwanza kukawa na Mwatex. Vikafuata vingine. Nguo kuukuu kutoka nje haikuwa na nafasi kwenye mpango huo, na kuiingiza kibiashara kukapigwa marufuku.

Hata mitindo ilikuwa inasimamiwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikome ifikapo Januari 1969. Dada zetu walisumbuliwa barabarani Kariakoo kwa sababu ya sketi. Nguo ilikuwa siasa kabisa, siyo utani.

Kwa muda mambo yalienda. Halafu miaka ya mwisho ya 70 ikatupiga kutoka kila upande. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Vita ya Kagera, 1978 na 1979, ikala hazina. Mafuta yakapanda bei duniani. Fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa vipuri. Kiwanda kipo, wafanyakazi wapo, pamba ipo, lakini mashine imekufa na kifaa chake kinauzwa kwa dola ambazo nchi haina.

Wazee wanaokumbuka kipindi hicho wakisimulia unaweza kudhani wanatania. Foleni ya sabuni. Foleni ya sukari. Khanga ikifika duka la ushirika, habari inasambaa kabla gari halijashusha. Watu walikuwa na hela kidogo mfukoni, lakini hakuna cha kununua.

Na penye marufuku na uhaba, magendo hayakosi. Bidhaa zilikuwa zinavuka mipaka usiku, nguo zikiwemo. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi. Hapo wazee wanasimulia watu walivyotupa mali usiku, wakaacha mabunda ya bidhaa kwenye mitaro ili wasikutwe nayo. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, na mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika akawa anakamatwa na kurudishwa kijijini.

Nataka tumfikirie mtu mmoja wa enzi hiyo. Simjui jina, wewe pia humjui, ila walikuwepo wengi kama yeye. Ni mama ana mashati matatu na suruali mbili kwenye kapu, juu yake ameweka mchicha. Anauza kwa watu anaowaamini tu, mlango kwa mlango. Akikamatwa, mwenye mali aliyevusha mpaka hayupo pale. Mahakama itamwona yeye na kapu lake. Unaona? Mpagazi yule yule.

Ruksa

Mwaka 1984 bajeti ilifungua mlango kidogo: mwenye fedha zake za kigeni anaruhusiwa kuagiza bidhaa nje bila kuulizwa sana amezipata wapi. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Katikati ya mabadiliko hayo, marufuku ya mtumba ikaondoka na marobota yakaanza kushuka bandarini waziwazi.

Kwa watu waliopanga foleni miaka mitano, hebu fikiria. Ghafla unapata suruali ya jinzi, imara, kwa bei unayoimudu. Kijana wa Manzese anavaa kama yule wa kwenye sinema. Waliokuwa wanavaa viraka wakaacha viraka. Ndo maana huwa nashangaa mtu anayesema mtumba umetudhalilisha. Kwa kizazi kile, kilichodhalilisha ni kukaa uchi.

Je, mtumba uliua viwanda vyetu? Swali hili kila mwaka linarudi, tulijibu bila ushabiki. Mwaka 2008 mchumi mmoja, Garth Frazer, alichapisha utafiti kuhusu Afrika kati ya 1981 na 2000. Alikuta kuingia kwa nguo kuukuu kunaeleza karibu asilimia 40 ya kuanguka kwa uzalishaji wa nguo. Asilimia 40 siyo ndogo hata kidogo, anayesema mtumba hauna kosa anajidanganya. Lakini inabaki sehemu kubwa zaidi ambayo mtumba hauhusiki nayo. Mashine zetu zilianza kusimama wakati mtumba bado ni haramu. Yule mama wa kapu hakuwa na uwezo wa kuzima umeme wa Ubungo.

Baadaye ikaja nguo mpya ya bei rahisi kutoka China, na hiyo ni vita nyingine kabisa.

Machinga anaingia mjini

Soko huria lilikuja na upande wake wa pili. Mashirika ya umma yakapunguza watu, mazao vijijini hayalipi, ajira za serikali zikakauka. Vijana wakashuka Dar, wengi kutoka kusini, Lindi na Mtwara. Hawana mtaji wa kukodi fremu. Wana miguu.

Ndo jina la machinga likapatikana. Wapo wanaosema linatokana na Wamachinga wa Lindi, kwa kuwa vijana wengi wa mwanzo walitoka kule. Wapo wanaodai limetoka kwenye Kiingereza cha mtaani cha kutembea bila kupumzika. Mimi naamini la Lindi, maana jina la Machinga lilikuwepo kabla ya biashara yenyewe.

Kazi yao ilikuwa hivi. Alfajiri unafika pale belo linapofunguliwa. Unachagua mashati kumi, kwa hela yako au kwa kuaminiwa. Unafua, unapiga pasi kwa mkaa, unatundika kwenye henga, unaingia mtaani. Posta, Magomeni, Mwenge, kwa miguu. Jioni unarudisha hela ya watu, kinachobaki ni chako. Shati likichafuka kwa vumbi, likichukuliwa na mgambo, ni lako hilo.

Mgambo! Hapo kila machinga ana stori. Miaka ya 90 na 2000 ilikuwa kukimbizana tu. Jiji linafukuza, machinga anarudi. Serikali ikajenga Machinga Complex pale Ilala, lakini wengi walilalamika kwamba mteja hapandi ghorofa kutafuta shati la elfu mbili. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali kwa shilingi 20,000, na machinga akapumua. Mwishoni mwa 2021 wakahamishwa tena barabarani, nchi nzima. Ukiangalia vizuri, tangu Nguvu Kazi ya 1983 swali la serikali kwa mtu huyu ni lile lile: wewe unafanya nini hapa mjini? Na jibu lake halijabadilika: natafuta riziki.

Siri iko ndani ya belo

Sasa tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapolia.

Belo la kawaida lina kilo kama 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda. Kabla ya kukufikia, nguo zake zimeshachambuliwa, nyingi zikipitia viwanda vya kuchambulia katika nchi kama Falme za Kiarabu, India na Pakistan. Kule kila nguo inapangwa: fulana upande huu, magauni upande ule, gredi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Walioshika nguo hizo kule wanajua kilichomo. Mwagizaji mkubwa naye ana uzoefu wa lebo na kampuni. Wewe wa chini unauziwa likiwa limefungwa. Huruhusiwi kufungua ndo ulipe. Unalipa, ndo ufungue.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Belo la fulana umelinunua laki sita. Ndani kuna fulana 220.

Siku mbaya: gredi ya kwanza ni 25, unauza elfu kumi kila moja, unapata 250,000. Za kati 85 kwa elfu tatu, 255,000. Za buku buku 80, unapata 80,000. Thelathini zilizobaki ni tambara, zimetoboka au zina madoa. Jumla ni 585,000. Umepoteza elfu kumi na tano, hujalipa mbebaji, hujalipa ushuru, hujala.

Siku njema: gredi ya kwanza ni 60, hiyo ni 600,000. Za kati 90, 270,000. Za buku 50, 50,000. Tambara ishirini. Jumla 920,000. Faida laki tatu na ishirini.

Mtu ni yule yule. Bei ni ile ile. Lebo ni ile ile. Tofauti ni fulana 35 ambazo hukuziona wakati unalipa. Hiyo, mdau wangu, ni bahati nasibu iliyofungwa mikanda. Na kama kwenye bahati nasibu yoyote, anayeuza tiketi halali na wasiwasi. Mwagizaji ameshapata chake wewe ukiwa bado unatafuta kisu cha kukatia mkanda.

Ndiyo maana kuna watu sokoni hawagusi belo kabisa. Wanaitwa wachaguzi. Mchaguzi anasimama pembeni belo likifunguliwa, anaona kwa macho, anatoa elfu kumi kwa fulana moja anayojua Masaki itaenda elfu ishirini na tano. Faida yake kwa kipande ni kubwa, na tambara halimhusu. Yeye ananunua kinachoonekana. Mtaji wake siyo pesa, ni jicho: anajua pamba kwa kuishika, anasoma lebo ya ndani, anakagua kwapa na zipu, anajua koti la aina gani linatakiwa Mbeya mwezi wa sita.

Wauzaji wengi wa stetasi mnaowaona, wale wanaodumu, ni wachaguzi. Wanaopotea baada ya miezi miwili mara nyingi ni wale waliokimbilia belo siku ya kwanza.

Siku marais walipotaka kuufuta

Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua mpaka 2019, ili viwanda vya ndani vipumue. Wazo lilikuwa zuri masikioni. Rwanda ilifanya kweli: ushuru ukapanda kutoka dola 0.20 mpaka dola 2.50 kwa kilo.

Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani kikapeleka malalamiko kwa serikali yao. Hoja yao: nchi hizi zinanufaika na AGOA, mpango wa kuuza Marekani bila ushuru, halafu zinazuia bidhaa yetu. Kenya ikajitoa mapema. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda ikakomaa, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa upande wa nguo.

Nilipokuwa nasoma habari hii nilichogundua ni kwamba mezani walikuwepo marais, mawaziri, na wafanyabiashara wa Marekani. Mashati yaliyotolewa bure na mama wa Ohio yalikuwa na mawakili. Mama wa Tandika anayeyauza hakuwa na mtu. Ingeamuliwa kufuta, angefutika bila kuulizwa. Ikaamuliwa kuendelea, akaendelea bila kuulizwa vilevile.

Kitu kimoja tu ndo marufuku yake ipo mpaka leo hapa kwetu: nguo za ndani za mtumba. TBS walizikataza kwa sababu za kiafya. Ila pita sokoni uone.

Moto wa Karume

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, soko la Karume, Ilala, liliungua. Kwa asiyejua, Karume ndiyo ilikuwa moyo wa mtumba Dar. Asubuhi watu wamesimama wanatazama majivu. Belo la nguo likishika moto halibakizi kitu.

Miezi sita tu kabla, Julai 2021, Kariakoo ilikuwa imeungua. Na ukivuka mpaka, Gikomba ya Nairobi imeshaungua mara nyingi mpaka watu wameacha kuhesabu.

Yule mwagizaji aliyeuza mabelo yale wiki iliyopita alikuwa ameshalipwa. Meli imeshalipwa. Ushuru wa bandari umeshalipwa. Shirika lililopokea nguo Ulaya lilishalipwa zamani. Kwenye mnyororo mzima, mtu pekee ambaye pesa yake ilikuwa bado iko ndani ya zile nguo ni mwenye kibanda. Na wengi wao hawakuwa na bima. Walikuwa na deni.

Hapa ndo nataka tuwe makini sisi wa leo. Mwenye msafara alikuwa na deni la tajiri wa Unguja. Mama wa kapu alikuwa na hofu ya msako. Machinga alikuwa na mgambo. Sisi tuna kausha damu. Unajua mwenyewe ile mikopo: unapewa laki tano leo, kesho kutwa unaanza kurejesha, ukichelewa wanakuja kubeba televisheni. Wadada wengi wanachukua kausha damu, wananunua belo, linatoka baya, wanachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Hapo mtumba haujakuangusha, umeangushwa na kuingia kwenye bahati nasibu kwa hela yenye riba.

Kwa hiyo?

Sikuandika haya kumtisha mtu. Mtumba umesomesha watu, umejenga nyumba Mbagala na Chanika, umelipa kodi za vyumba ambazo mshahara ulishindwa. Ninaowaheshimu kwenye biashara hii siyo wenye picha kali mtandaoni. Ni wale waliojua mapema hatari iko wapi wakakataa kuibeba peke yao.

Wanaanza na vipande vitano, hela yao wenyewe, siyo belo. Wanaenda sokoni miezi kadhaa kujifunza jicho kabla ya kujifunza bei. Wakifika mahali pa kununua belo, wananunua watatu au wanne kwa kikoba, wanagawana nguo na wanagawana tambara. Faida inapungua kidogo, lakini hakuna anayelala njaa kwa sababu ya fulana 35.

Ukitazama, hilo ndilo jambo pekee ambalo mpagazi, mama wa kapu na machinga hawakupata nafasi ya kulifanya. Kila mmoja alibeba furushi lake kivyake. Jina la mtumba limetufikia kutoka kwao, lakini siyo lazima tuubebe kama wao.

Haya wadau, uwanja wenu. Kama maza au mshua wako alikusomesha kwa mtumba, dondosha stori kwenye komenti. Na wenye mabelo, tuambieni ukweli: kati ya kumi mliyofungua mwaka huu, mangapi yalirudisha hela?